Kwa Nini Tunaomba Fedha za Visanduku
Hotuba ya kamati ya fedha katika mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Bagamoyo waishio Dar es Salaam

Ndugu wanachama, wageni waalikwa, na vijana mliokuja kwa ahadi ya pilau, karibuni. Pilau ipo, ila hesabu kwanza.

Tumepewa dakika kumi kueleza mstari mmoja wa bajeti ulioandikwa "visanduku". Wengi mmeuliza, wengine kwa ukali. Ni haki yenu, fedha ni zenu.

Kuna mchezo uitwao jiokashingi. Ulianza Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000, mara tu baada ya serikali ya huko kuacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Bwana Dave Ulmer alificha ndoo porini, akatangaza namba za mahali ilipo, akaomba atakayeipata achukue kitu, aache kitu, na aandike jina lake kwenye daftari. Hadi leo mchezo ni huo huo, isipokuwa ndoo imekuwa kisanduku na simu ya mkononi inatosha kuongoza. Sisi wahasibu mchezo wenye daftari hautupi shida.

Uingereza wana mfululizo mzima wa visanduku vilivyofichwa karibu na makanisa. Mara nyingi msakaji hapewi namba zote. Anatakiwa kusoma mwaka ulioandikwa ukutani, kuhesabu hiki, kujumlisha na kile, ndipo apate namba zilizobaki. Hapo ndipo tulipoifikiria misheni yetu. Leo mgeni anatoka Dar asubuhi, anapiga picha tatu, na jioni yuko kwake hata chai hajanywa kwetu. Mwenye maswali ya kujibu atakaa, na atakayekaa atakula.

Na ya kuuliza yapo tele. Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walianzisha misheni mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kanisa kubwa la sasa ni la baadaye sana, lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Lakini ule mnara wa kanisa la zamani ndio unaotushika zaidi. Februari 1874 mwili wa Livingstone ulilazwa pale, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba miezi mingi kutoka Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Mnara unaitwa kwa jina la aliyebebwa. Tumependekeza swali la kwanza liwahusu waliobeba.

Swali la pili ni la mbuyu. Wote mnaujua, na wote mmesikia kwamba ule mnyororo uliomezwa na shina ulifungia watumwa. Historia inayosimuliwa na misheni yenyewe ni nyingine: mama mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, alikuwa akimfungia hapo punda wake, mnyororo ukasahauliwa, mti ukakua juu yake. Watumwa walikuwepo Bagamoyo, minyororo ilikuwepo, wala hakuna haja ya kuazima ya punda ili kulithibitisha hilo.

Sasa tuje kwenye pingamizi, maana zina uzito. Wazee wawili walisema makaburi si uwanja wa michezo. Tumekubaliana nao: hakuna kisanduku makaburini, hakuna kuchimba popote (sheria za mchezo wenyewe zinakataza), na hakuna kitakachowekwa kabla parokia haijatoa ruhusa kwa maandishi. Visanduku vingine vitakuwa mjini, kuelekea Kaole, kwa sababu chama hiki ni cha Waislamu na Wakristo na historia yetu haikuanzia misheni.

Pingamizi jingine lilisemwa kwa sauti ya chini. Kuna familia ambazo mababu zao walifika pale wakiwa wamekombolewa, na kwa miaka mingi neno hilo limetumika kuwadharau, hata katika mambo ya posa. Ikiwa tutaandika historia ya kijiji kile, je, tutakuwa tunawanyooshea kidole? Kamati tulibishana siku mbili. Tuliyokubaliana ni haya: hakuna swali litakalotaja ukoo wa mtu aliye hai, na mzee atakayerekodiwa ndiye atakayeamua kipi kichapwe na kipi kibaki nyumbani kwake. Kama hataki kusema, haulizwi mara ya pili. Lakini wapo wanaotaka kusema, na umri hauwasubiri.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Visanduku sita visivyoingiza maji, pamoja na madaftari na kalamu za risasi, shilingi 180,000. Vijana wawili wakazi wa Bagamoyo wa kuvikagua, hasa wakati wa masika daftari linapolowa, shilingi 50,000 kila mmoja kwa mwezi, yaani 1,200,000 kwa mwaka. Kurekodi wazee na kuchapa kijitabu, 900,000. Jumla shilingi 2,280,000. Mnaona wenyewe kwamba sehemu ya mchezo ndiyo ndogo kuliko zote.

Fomu za ahadi ziko mezani kwa mtunza hazina, pale mlangoni. Anayelipa taslimu apewe risiti papo hapo, na asikubali kuondoka bila hiyo. Mwenye mzee nyumbani anayekumbuka misheni ya zamani aandike jina lake nyuma ya fomu, baada ya kumwomba ruhusa.