Fortran Chini, Python Juu: Kukokotoa Mvua ya Bonde la Simiyu



Vijana wa takwimu huuliza kila mara: kwa nini tuhangaike na Fortran, lugha iliyotoka mwaka 1957, ilhali Python inafanya kila kitu? Mimi nasema tunazihitaji zote mbili, kila moja na kazi yake. Kasi nyingi inapotea pale zinapokabidhiana data, na huko ndiko watu hawaangalii.

Tuanze na mvua yenyewe. Wenyeji wa Nassa, Usukumani, wanajua kwamba luseni, udongo wa kichanga, hunywa maji na mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, huyakataa. Wahaidrolojia wanaielezea tabia hiyo kwa namba moja, CN (curve number): ikiwa kubwa, maji mengi zaidi hutiririka. Chukua mbuga yenye CN ya 80. Kwa kanuni, uwezo wake wa kushika maji ni milimita 63.5, na sehemu moja ya tano, milimita 12.7, humezwa kabla maji hayajaanza kutiririka. Ikinyesha milimita 40 kwa siku moja, takribani milimita 8.2 huelekea mtoni. Zikigawanyika siku mbili, 20 na 20, hutiririka milimita 1.5 tu kwa jumla, tukiacha kwanza kwamba siku ya pili udongo umeshalowa. Kwa hiyo wastani wa mwezi hautufai. Lazima twende siku kwa siku, na kwa kuwa unyevu wa udongo leo unategemea mvua ya jana, hesabu ya leo inaisubiri ya jana.

Data za mvua za CHIRPS zinaanzia 1981, kwa viraba vya nyuzi 0.05, yaani kama kilomita tano na nusu kila upande. Eneo la viraba 30 kwa 30 lina viraba 900. Kuanzia 1981 hadi mwisho wa 2020 ni siku 14,610. Zidisha, unapata namba 13,149,000, na kusaka CN inayolingana na vipimo vya mto kunataka hesabu nzima irudiwe mamia ya mara.

Hapo Python peke yake inachoka, kwa sababu kila hatua inatafsiriwa upya programu ikiwa inaendelea. NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, inasaidia: viraba 900 vinakokotolewa kwa mkupuo, maana kiini chake kimeandikwa kwa C. Ila siku hazina mkupuo, lazima zifuatane. Fortran imeshageuzwa na kompaila kuwa lugha ya mashine kabla ya kuanza, hivyo mzunguko wa siku hauisumbui.

Nasi hatuanzii sifuri. SWAT, modeli ya mabonde ya mito iliyoasisiwa na Jeff Arnold wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, imeandikwa kwa Fortran. Mwaka 2007 Deogratias Mulungu na Subira Munishi walichapisha utafiti walioitumia modeli hiyo kwa bonde hili hili la Mto Simiyu, unaomwaga maji yake Ghuba ya Speke. Kuiandika SWAT upya kwa Python ni kujitafutia kazi. Python isome data, ibadilishe vigezo, iendeshe modeli, ilinganishe matokeo na vipimo, ichore grafu.

Njia rahisi ya kuziunganisha ni mafaili: Python inaandika, Fortran inasoma. Ni ya polepole, lakini kosa likitokea unafungua faili na kuliona. Kwa anayeanza ningeshauri hiyo. Kwa programu ndogo mliyoandika wenyewe, kuna f2py ya Pearu Peterson, inayoigeuza kazi ya Fortran kuwa moduli ya Python. Tahadhari ni hii: Fortran hupanga jedwali kwenye kumbukumbu safuwima baada ya safuwima, NumPy kwa kawaida mstari baada ya mstari. Ukipeleka jedwali la kuingiza tu kwa mpangilio usiotakiwa, f2py hulinakili kimyakimya. Jedwali letu, kwa baiti 8 kila namba, ni megabaiti 105. Kwenye kompyuta ndogo ya ofisini, nakala moja ya ziada kwa kila mzunguko inahisiwa. Tengeneza jedwali kwa order='F' tangu mwanzo.

Kosa kubwa zaidi ni kuiita Fortran mara 13,149,000, kiraba kimoja siku moja kila mara. Gharama ya kuita inameza faida yote. Ipe jedwali zima, iite mara moja kwa kila jaribio la CN. Kwenye zoezi la mchana tutapima muda wa njia zote mbili za kuita kwa data za mwaka mmoja, kila kundi kwenye mashine yake.