Silaha hadharani haileti heshima

(Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma, Bagamoyo)



Chukulieni mkutano wa kijiji katika mwambao huu, mahali fulani kati ya Mapinga na Saadani. Jambo linalojadiliwa ni mpaka wa shamba, maana ardhi ya pwani sasa inatafutwa na wengi. Wazee wamekaa chini ya mwembe, mwenyekiti amefungua kikao, mtendaji ameshika daftari lake la kumbukumbu. Mara anaingia mmoja wa wanaolidai shamba lile. Hamtukani mtu, wala hapandishi sauti. Anaketi, na katika kuketi kwake shati linajikunja, na bastola iliyo kiunoni inaonekana na kila mtu.

Huenda leseni anayo. Lakini tangu dakika ile mkutano unajadili nini? Mzee aliyekuwa tayari kueleza kwamba minazi ya mpakani ilipandwa na baba yake anakumbuka ghafla kuwa ana shughuli nyumbani. Mjane aliyeinua mkono anaushusha. Mtendaji anaandika kuwa wajumbe wameafiki kwa kauli moja. Risasi haikulia, wala hakuna aliyejeruhiwa. Hata hivyo bunduki imekwisha kufanya kazi yake.

Mara nyingi silaha huzungumzwa pale tu inapoua. Ni haki kufanya hivyo, lakini haitoshi. Hapana budi kuizungumzia pia silaha inayobebwa wazi sokoni, arusini, baa au mkutanoni, ambayo haifyatuliwi kamwe na bado inatawala.

Bagamoyo ni mahali panapofaa kwa mazungumzo haya. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mlango wa misafara iendayo Tabora na Ujiji. Bunduki begani lilikuwa jambo la kawaida kama mzigo kichwani. Henry Morton Stanley aliondoka hapa mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, akaondoka tena mwaka 1874, na mara zote mbili alikuwa na wabeba bunduki. Magobori yalikuwa mengi, lakini nani alikuwa salama? Watumwa waliofungwa minyororo walitembezwa hadi pwani kati ya magobori hayohayo. Silaha ilionyeshwa njiani ili kila aionaye ajue upesi nani ni bwana na nani ni mali ya bwana.

Mwezi Agosti 1888 Kampuni ya Wajerumani ilipokuja kushika utawala wa pwani, ilitumia lugha hiyohiyo. Kule Pangani wakala wake, Emil von Zelewski, aliita askari wa manowari wateremke pwani ili liwali na wenyeji watishike. Hawakutishika. Pwani ikawaka moto, Abushiri bin Salim akaongoza mapambano, na Bwana Heri akasimama imara Saadani. Mwezi Septemba mwaka huohuo Bagamoyo ilishambuliwa. Hapa wananchi walishika silaha kwa sababu nyingine kabisa: walikuwa wanaihami nchi yao.

Mkoloni alijibu kwa mizinga, na alijibu pia kwa sheria. Desemba 1888 manowari za Ujerumani na Uingereza zilianza kuizingira pwani, zikitangaza kuzuia biashara ya watumwa na uingizaji wa silaha. Mei 1889 jeshi la Hermann Wissmann liliivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo, na tarehe 15 Desemba akanyongwa Pangani. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ukaweka vizuizi vya kuingiza bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika. Kwa maneno ilionekana kama rehema. Kwa vitendo bunduki haikuondoka. Ilihama mabega tu. Askari wa Kijerumani aliyepita sokoni na bunduki hakuja kuwalinda wachuuzi wa samaki. Alikuja kuwakumbusha kodi, kazi za kulazimishwa na kitanzi. Mahali pa kunyongea panaonyeshwa Bagamoyo mpaka leo.

Kutokana na historia hiyo, mtu anaweza kujenga hoja kwamba dawa ya unyonge ni kila raia kutembea na bunduki yake wazi. Hoja hii ina watetezi wakubwa nchini Marekani, ambako mwaka 2022 Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kwamba Katiba inampa raia haki ya kubeba bastola nje ya nyumba yake. Lakini historia ya Marekani yenyewe inaijibu hoja hiyo. Tarehe 2 Mei 1967 vijana weusi wa chama cha Black Panther waliingia na bunduki zao wazi katika jengo la Bunge la jimbo la California, mjini Sacramento, kupinga muswada wa kuwazuia kubeba silaha. Mwaka huohuo Gavana Ronald Reagan aliutia sahihi, ukawa sheria. Bunduki ambayo mabegani mwa wengine ilihesabiwa kuwa uhuru, mabegani mwa Mweusi ilihesabiwa kuwa hatari. Ni dhahiri kwamba haki ya kuonyesha silaha hupimwa kwanza kwa kutazama ni bega la nani.

Na wote wakiwa nazo je? Jibu liko Karamoja, Uganda. Mwaka 1979, majeshi ya Idi Amin yalipokimbia, ghala la silaha la Moroto lilibaki bila mlinzi, na bunduki zikaenda kwa wafugaji. Mchunga ng'ombe akatembea na bunduki kama alivyotembea na fimbo. Wizi wa mifugo haukwisha, ulizidi kuua. Serikali ya Uganda ilianza kampeni ya kuzikusanya mwaka 2001, ikalazimika kuirudia mwaka 2006. Bunduki ya jirani haikumpa mtu amani. Ilimpa sababu ya kutafuta ya pili.

Tanzania nayo ina somo lake, na liko kwenye barabara hiihii iendayo Bagamoyo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito waliasi. Walikuwa na madai yanayoeleweka, ya mishahara na ya maofisa wa Kiingereza, lakini waliyapeleka mjini kwa mtutu wa bunduki. Maduka yalivunjwa, watu walikufa, Rais akalazimika kujificha, na taifa changa likapata aibu ya kuwaita askari wa Uingereza waje kuuzima uasi. Baadaye lilijengwa jeshi jipya, na kambi ile ikaitwa Lugalo, kwa kumbukumbu ya mahali ambapo mwaka 1891 Wahehe wa Mkwawa walimshinda na kumuua Zelewski yuleyule wa Pangani. Jina ni la ushujaa, lakini mahali penyewe panakumbusha pia kwamba silaha isiyo na utii humgeukia aliyeinunua.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliandikwa baada ya Guinea kuvamiwa na Wareno na baada ya Amin kuipindua serikali ya Uganda. Ulitaka ulinzi uwe kazi ya wananchi, na mgambo wafunzwe. Ni muhimu kukumbuka kwamba waraka huohuo ulikemea viongozi wenye majivuno, wanaodharau watu na kuwaonea. Mambo hayo mawili yaliwekwa pamoja kwa sababu. Kumfunza mwananchi kutumia silaha bila kumfunza unyenyekevu ni kumwongeza mnyapara mwingine.

Leo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inamruhusu raia kumiliki silaha kwa leseni. Yuko mfanyabiashara anayesafiri na fedha, yuko mkulima anayesumbuliwa na wanyama waharibifu. Hofu yao si ya kubeza, na majambazi si hadithi. Lakini silaha ya kujikinga haihitaji watazamaji. Anayeiweka mezani baa, au anayepiga risasi hewani arusini, hajikingi na jambazi yeyote. Anawaambia waliopo kwamba wampishe. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Hiyo ilikuwa tahadhari kwa mnyonge, haikuwa katiba ya kijiji.

Wako wanaobeba silaha wazi kwa haki. Askari wa wanyamapori katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani ana sare, ana mkubwa wake, na kila mwanakijiji anaweza kutaja kazi yake na mahali pa kumshtaki akikosea. Mwezi Machi 2017 jijini Dar es Salaam, mtu aliyevaa kiraia alimtolea bastola Nape Nnauye, aliyekuwa ametoka tu kuondolewa katika uwaziri, mbele ya waandishi wa habari na mchana kweupe. Nchi nzima ilishtuka kwa picha ile, na swali la kwanza midomoni mwa watu lilikuwa moja: yule ni nani? Silaha ya hadharani isiyo na jibu la swali hilo imekwisha kuvunja amani, hata ikirudishwa kiunoni bila kufyatuliwa.

Ndugu walimu na watumishi, ninyi ndio makatibu wa mikutano hii, na kalamu ya kumbukumbu iko mikononi mwenu. Mwenyekiti wa kikao amwombe mwenye silaha atoke nayo kabla ya ajenda kuendelea. Akikataa, kikao kiahirishwe, sababu iandikwe, na polisi wajulishwe. Mtumishi anayemhudumia mwenye bastola kabla ya zamu yake amekwisha kuiuza foleni ya wanyonge. Na mwalimu anayo kazi kubwa kuliko zote, kwa kuwa mtoto aliyeona watu wakimnyamazia mwenye bunduki atadhani ile ndiyo heshima. Hana budi kufundishwa tofauti kati ya kuheshimiwa na kuogopwa.

Penye wengi hapaharibiki neno, lakini ni pale tu wengi hao wanapoweza kusema. Yule mzee wa minazi ana ushahidi ambao hakuna mwingine anao. Akiondoka kimya chini ya mwembe ule, shamba litakwenda kwa asiye na haki nalo, na daftari la serikali litakuwa limeandika uongo kwa mwandiko mzuri. Kazi ya mtumishi wa umma ni kuhakikisha kwamba mzee yule anaketi tena, na anasema.