Jina Moja kwa Dunia Nzima

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo wa wilaya za Ngara na Biharamulo)



Tumeombwa tuzungumze juu ya namna wataalamu wa sayansi wanavyopanga viumbe hai katika makundi na kuvipa majina. Huenda mwingine anasema moyoni, "Hayo ni mambo ya wasomi wakubwa, sisi wakulima yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Kabla hatujamaliza mtaona kwamba jina likikosewa, shamba zima la migomba laweza kupotea.

Majina yetu ni mengi

Tuanze na ng'ombe. Kwa Kiswahili tunasema ng'ombe. Mhaya anasema ente. Ukivuka daraja la Rusumo kwenda Rwanda, au ukiingia Burundi, utasikia inka. Majina matatu, mnyama mmoja. Hapo hakuna aliyekosea. Kila watu walimpa jina kwa lugha yao, na jina hilo ni mali yao. Lakini sisi wa huku tunakutana gulioni Wahangaza, Washubi, Wasubi, Wazinza, Wahaya na Wasukuma, na majirani wa ng'ambo ya mpaka. Ng'ombe anaonekana, unaweza kumwonyesha kwa kidole. Je, ikiwa ni mti wa dawa ambao haupo hapo mbele yenu? Mmoja anataja jina, mwingine anafikiria mti mwingine kabisa. Hapo hatari imeingia.

Kuna taabu ya pili: jina moja kwa vitu viwili. Chukua neno "nyumbu". Nyumbu ni yule mnyama wa porini anayehama makundi kwa makundi kule Serengeti. Lakini nyumbu pia ni mnyama wa kubeba mizigo aliyezaliwa na punda na farasi. Mtu akikuandikia barua kwamba amenunua nyumbu, utaelewa nini?

Na taabu ya tatu ni kudanganywa na macho. Popo anaruka, basi wengi wetu tunamweka pamoja na ndege. Lakini popo hatagi mayai. Anazaa, na ananyonyesha. Kwa hiyo ndugu zake ni akina mbuzi na panya, wala siyo kunguru.

Bwana Linnaeus na majina mawili

Wataalamu wa zamani nao walikuwa na taabu hiyohiyo. Huko Ulaya mmea mmoja uliweza kupewa jina refu la maneno kumi, na kila mwandishi aliandika lake. Ndipo akatokea bwana mmoja wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliyezaliwa mwaka 1707 na kufariki mwaka 1778. Mwaka 1753 alitoa kitabu cha mimea, na mwaka 1758 akatoa chapa ya kumi ya kitabu chake kilichohusu pia wanyama. Humo kila kiumbe alikipa majina mawili tu, kwa lugha ya Kilatini. Utaratibu huo ndio unaotumika mpaka leo duniani kote.

Jina la kwanza ni kama la ukoo. Jina la pili ni la kiumbe chenyewe ndani ya ukoo huo. Jina la ukoo huanza kwa herufi kubwa, la pili kwa herufi ndogo. Ng'ombe anaitwa Bos taurus. Mhogo unaitwa Manihot esculenta. Ukiliandika jina hilo Ngara, au India, au Brazili, mtaalamu atajua unasema nini.

Ngazi saba

Sasa hayo makundi yamepangwaje? Hebu tufikirie barua. Ili imfikie mtu kijijini, tunataja nchi, mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji na kitongoji. Ni ngazi saba, kutoka pana hadi nyembamba. Wataalamu nao wana ngazi kuu saba: ufalme, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi.

Tumpeleke ng'ombe wetu katika ngazi hizo. Ufalme wake ni wa wanyama. Faila yake ni ile ya wenye uti wa mgongo. Ngeli yake ni ya wanaonyonyesha, yaani mamalia. Oda yake ni ya wenye kwato zilizogawanyika; humo wamo pia nguruwe na twiga. Familia yake ina nyati, mbuzi, kondoo na swala. Jenasi yake ni Bos. Spishi yake ni Bos taurus.

Faida ya kujua hayo ni nini? Ni kwamba ndugu wa karibu mara nyingi huugua magonjwa yanayofanana. Nyati wa porini na ng'ombe wa zizini wote hupata ugonjwa wa miguu na midomo. Sisi tunaoishi jirani na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, jambo hilo si la kuchezea.

Jina lina maana

Msidhani majina haya ni maneno ya kubahatisha. Esculenta maana yake ni "ya kuliwa". Ndiyo sababu yule samaki ngege wa Ziwa Victoria naye anaitwa Oreochromis esculentus. Mhogo na ngege, wote ni chakula, na jina linakiri hivyo.

Mbung'o, au ndorobo, jina lake la ukoo ni Glossina, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ulimi. Ziko spishi zaidi ya 20, zote za Afrika. Glossina morsitans maana yake ni ndorobo mwenye kuuma. Glossina pallidipes ni mwenye miguu iliyopauka. Mwingine, Glossina swynnertoni, alipewa jina la Bwana Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa ndorobo hapa Tanganyika mpaka alipofariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Wako ndorobo wanaopenda vichaka vya kando ya maji, na wako wanaopenda pori la miti mikavu. Bila kujua ni yupi, hujui mtego uutege wapi.

Hata kijidudu cha malale kina majina. Kinachosumbua watu wa Tanzania ni Trypanosoma brucei rhodesiense. Hilo jina la tatu ni kama jina la babu: linatenganisha wanaofanana sana. Yupo mwenzake, Trypanosoma brucei brucei, anayempata ng'ombe lakini hampati binadamu. Ukiwatazama kwa darubini huwezi kuwatofautisha. Jina ndilo linalomwambia daktari yupi ni hatari kwa mtu.

Je, majina hubadilika?

Hubadilika. Yule ngege, mwaka 1928 aliitwa Tilapia esculenta. Baadaye wataalamu waliona kwamba samaki wale wanaotamia mayai mdomoni wana ukoo wao, wakamhamisha. Hili lisitushangaze. Mkoa wetu ulikuwa Ziwa Magharibi, na mwaka 1979 ukaitwa Kagera. Chato ilikuwa ndani ya Biharamulo, ikawa wilaya yake yenyewe, na mwaka 2012 ikawa katika mkoa mpya wa Geita. Watu wa Chato hawakuhama nyumba zao. Mipaka ndiyo iliyohama. Kwa viumbe ni hivyo hivyo: ujuzi ukiongezeka, mipaka hupangwa upya.

Mnyauko upi?

Sasa tufike shambani. Migomba ikinyauka tunasema, "Shamba limeingiwa na mnyauko." Lakini minyauko iko zaidi ya mmoja, na kila mmoja una mwenyewe.

Wa kwanza unaletwa na bakteria. Bakteria huyo alielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, akaonekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ikathibitishwa kwamba amefika hapa kwetu Kagera. Leo anaitwa Xanthomonas vasicola. Katika vitabu vya zamani kidogo mtamkuta kama Xanthomonas campestris. Neno la kwanza linatokana na Kigiriki, na ndani yake mna neno manjano. Kumbe jina lenyewe linatupa dalili! Ukikata mgomba wenye ugonjwa huu, baada ya muda mfupi unatoka usaha wa manjano. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukizipasua ndani zina rangi ya kutu.

Wa pili unaletwa na kuvu aitwaye Fusarium, ambaye hukaa udongoni. Huu majani yake ya chini huanza kuwa ya manjano, yanavunjika na kuning'inia kama sketi. Shina hupasuka karibu na ardhi. Ukilikata utaona mistari ya kahawia yenye wekundu, lakini usaha hakuna, na ndizi ndani hazina kutu. Huu hupenda zaidi migomba fulani ya pombe na ya kuiva. Ndizi zetu za kupika za nyanda za juu huwa zinaustahimili.

Mnaona tofauti? Dawa ya kunyunyiza ya kuponya haipo kwa wote wawili, kwa hiyo msitupe fedha dukani. Lakini kazi ya kufanya si moja. Bakteria hadumu sana udongoni. Ukikata migomba yenye ugonjwa, ukatoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, ukapitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, na ukakataa machipukizi ya shamba lenye ugonjwa, shamba lako unaweza kuliokoa. Lile lililong'olewa lote, baada ya miezi kadhaa unaweza kulipanda migomba tena. Kuvu, yeye hukaa udongoni miaka mingi. Ukirudishia migomba ya aina ileile, itakufa tena. Hapo panda aina nyingine inayostahimili, na usihamishe udongo kwa jembe.

Basi mtu akiambiwa "mnyauko" tu, akaondoka bila kuuliza ni upi, anaweza kukata tamaa na shamba ambalo lingepona, au akarudia kupanda mahali pasipofaa. Jina kamili ni chakula cha watoto.

Tufanye nini?

Kwanza, tumwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba: ugonjwa huu jina lake kamili ni lipi? Tuliandike. Pili, tusibebe kipande cha mgomba mgonjwa kutoka kijiji hadi kijiji. Mwite mtaalamu aje, au mpelekee picha ya simu. Tatu, mti wa dawa usioujua vizuri usiupime kwa ulimi. Chukua tawi lenye jani, ua na tunda, likaushe ndani ya gazeti, andika mahali na tarehe ulipolichuma. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyofanya, na mimea iliyokaushwa kwa namna hiyo imehifadhiwa katika nyumba ya taifa ya mimea huko Arusha.

Nne, na hili ndilo tunaloliomba zaidi, tusiyatupe majina ya nyumbani. Wazee wetu nao waliwapanga viumbe: huu mti wa mto, huu wa kilima, hii ndizi ya kupika, hii ya pombe. Wakifariki, majina huenda nao kaburini. Sisi tuliojifunza kuandika tuna deni hapo. Chukua daftari, piga mistari. Upande mmoja andika jina alilokupa bibi, kwa Kihangaza au Kisubi au lugha yoyote ya kwenu. Katikati andika jina la Kiswahili. Upande wa tatu acha wazi, na siku mtaalamu atakapofika kijijini mwulize akujazie yale majina mawili ya Kilatini.