Taa Imewaka, Magurudumu Hayavuti

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Barua niliyoandikiwa ilinitaka nichague jambo litakalowafaa vijana. Wenzangu waliotangulia walizungumza juu ya uongozi na bidii ya masomo. Mimi nitazungumza juu ya gari bovu. Chekeni tu. Katika utumishi wangu wote serikalini sijapata kuaibika kama nilivyoaibishwa na gari hilo, na dawa yake ilikuwa imo katika daftari langu la fizikia la hapa hapa shuleni.

Gari lenyewe ni Land Cruiser ya mwaka 1992, ile ambayo watu huiita mkonga. Magari ya namna hiyo mnayafahamu. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kujaa Benaco, magari ya misaada yalimiminika Ngara kwa wingi ambao sisi watoto wa wakati ule hatukuwa tumeuona. Mengine yalibaki, yakazeekea kwetu. Langu nililikuta idarani, limekwisha badilishwa rangi mara mbili.

Masika moja tulikwama kwenye mlima wa udongo mwekundu, upande wa Bugufi. Dereva akavuta gia ya fowili, taa ya kijani ikawaka, lakini magurudumu ya nyuma yakawa yanachimba na ya mbele yametulia kama yako kwenye foleni ya posho. Tukasukumwa na wanakijiji. Tuliporudi, gari likapelekwa karakana moja, nikaletewa karatasi: giaboksi ndogo imekwisha, inunuliwe nyingine. Sikuuliza swali hata moja. Nilikuwa na shahada ya uchumi na kalamu, nikatia sahihi. Fedha zile zingetosha mafuta ya idara kwa miezi mitatu.

Giaboksi ikaja, ikafungwa. Safari ya kwanza tulichukua chanjo za watoto, tukakwama mlima ule ule, taa ile ile ikiwaka. Tulifika kijijini saa kumi na moja jioni. Akina mama walikuwa wamekaa tangu asubuhi na watoto mgongoni, na wengi walikwisha ondoka, kwa sababu anayetembea saa tatu na mtoto hawezi kungoja giza. Mwenyekiti wa kijiji hakunigombeza. Alisema tu, "Bosi, mtakuja lini tena, niwaambie?" Afadhali angenigombeza.

Aliyetufumbua macho ni mzee mmoja fundi wa Biharamulo, anayefanya kazi chini ya mwembe. Hakugusa giaboksi. Alimwambia dereva aache habu zote mbili za mbele kwenye neno FREE, aingize fowili, aende polepole mita kumi kwenye tambarare. Yeye akainama kando ya njia akitazama propela ya mbele. Ikazunguka. "Giaboksi yako mpya nzima," akasema. "Na ile ya zamani ilikuwa nzima pia, nakuhakikishia."

Sasa vijana, tulieni hapa, maana hapa ndipo penye kazi. Nguvu ya injini katika gari kama hili hupita giaboksi kubwa, ikaingia ile ndogo, na huko ndiko fowili inakoungwa. Ikitoka hupita propela ya mbele mpaka kwenye difu, ikagawanyika kwa shafti mbili fupi, kisha ikafika kwenye habu, ambazo ni kufuli za kuunganisha shafti na gurudumu. Kufuli hizo hufungwa kwa mkono, kwa kuzungusha kidude kilicho katikati ya gurudumu. Taa ya kijani haioni njia hiyo yote. Swichi yake imo kwenye giaboksi ndogo, nayo huwaka gia inaposogea. Yanayotokea mbele ya hapo haiyajui.

Basi propela ikizunguka na gari lisivute, ubaya uko kwenye difu, shafti au habu. Propela isipozunguka na taa inawaka, hapo ndipo mtazame fito za gia na giaboksi yenyewe. Mita kumi za tambarare zingeniokolea fedha zile zote.

Kisha mzee akatoa gia kwenye fowili, akafunga habu zote mbili kwenye neno LOCK, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akainua gurudumu moja la mbele kwa jeki na kulizungusha kwa mkono. La kushoto lilikuwa zito kidogo: habu imeshika. La kulia likazunguka jepesi kama baiskeli, propela imetulia. Akaifungua. Ndani mlikuwa na matope makavu na springi iliyooza. Kidude kiligeuka hadi LOCK kwa nje, lakini meno ndani hayakusogea.

Nikauliza swali ambalo nadhani baadhi yenu mnalo: kama habu ya kulia imekufa, kwa nini gurudumu la kushoto nalo halikuvuta? Mzee alitazama viatu vyangu. "Bosi, difu hupeleka mwendo mahali palipo pepesi." Shafti ya kulia haikushika kitu, kwa hiyo ikazunguka bure na kumaliza mwendo wote, ya kushoto ikabaki bila nguvu. Kufuli moja iliua magurudumu mawili. Mwalimu wetu wa fizikia alituchorea difu ubaoni tukiwa kidato cha tatu. Mimi nilikuwa nachora nembo ya timu yangu.

Niongeze jambo moja kwa madereva waliomo humu. Usiende na fowili kwenye lami, kama ile ya Lusahunga hadi Rusumo. Gari la namna hii halina difu katikati, na kwenye kona magurudumu ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope tairi huteleza kidogo, mambo yakasawazika. Kwenye lami haziwezi, vyuma vinajikaza, na gia inagoma kutoka. Ikigoma usiipige teke. Rudi nyuma mita chache huku usukani umenyooka, italegea. Tairi za ukubwa mbalimbali huleta ugonjwa huo huo. Wazee wenzangu waliozoea Land Rover ya kitasa cha njano na mkono mwekundu wanalijua hili, ingawa huko vitasa vilichanganya watu zaidi.

Habu ilisafishwa, ikatiwa springi na grisi, na siku ile ile tukapanda mlima ule bila kusukumwa. Akina mama tuliwarudia wiki iliyofuata. Si wote waliokuja. Giaboksi ya zamani imo stoo ya idara, nzima, ina namba ya hesabu za serikali ubavuni, na kila mwaka mkaguzi huniuliza habari zake nami humweleza hadithi hii.

Gari liko nje, chini ya mwarobaini. Jeki iko nyuma ya kiti na mawe nimekwisha yaokota. Baada ya chakula, kijana yeyote atakayetaka kuzungusha gurudumu na kuitazama propela aje, ila avae nguo za shamba.