Runinga Inapoutazama Mkono Wako



Madukani sasa zipo runinga na simu zinazotii ishara ya mkono: unainua kiganja, sauti inapungua, unapunga, picha inabadilika. Muuzaji hukuonesha hayo kwa fahari. Ni nadra akakueleza kwamba kifaa kinachotumia kamera kwa kazi hiyo hulazimika kukodoa macho muda wote kinapongoja ishara, na kamera haiuoni mkono peke yake. Huiona sebule nzima pamoja na watoto na wageni waliomo.

Programu huichambua kila picha, ikitafuta kiganja kwanza, kisha ikikadiria viungo vya vidole vilipo. Mfumo wa MediaPipe, ambao Google iliutoa mwaka 2019, huweka nukta 21 kwa kila mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, na huweza kufanya hivyo ndani ya simu yenyewe bila picha kutumwa kokote. Basi mtengenezaji anayetaka picha za nyumbani kwako zisafiri hadi kwenye kompyuta zake anawiwa na maelezo. Muulize muuzaji: picha huchambuliwa wapi, na huhifadhiwa kwa muda gani?

Kuuliza mapema kuna faida. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza kwamba mashine yake ya michezo, Xbox One, haitafanya kazi bila kuunganishwa na Kinect, kifaa chenye kamera na maikrofoni. Watu walilalamika, wengi wakihofia faragha yao, nayo kampuni ikaliondoa sharti hilo mwezi Agosti, kabla mashine haijaingia sokoni. Mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa bila Kinect.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa zako akujulishe madhumuni yake. Usikubali masharti kwenye kioo kwa kubonyeza tu.

Omba pia kukijaribu kifaa katika mwanga hafifu, kwani kamera ya kawaida hubabaika gizani, na vidole vinavyofunikana huipotosha programu. (Rimoti, tukiri, bado inafanya kazi vizuri.) Ukishanunua, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuzima utambuzi wa ishara. Ikiwa kamera haina kifuniko, kipande cha karatasi nene na gundi kinatosha.