Namna Gazeti la Kila Siku Linavyotengenezwa

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika, Unguja



Kila asubuhi katika baraza za Mji Mkongwe, kuanzia Darajani hadi pale panapoitwa Jaws Corner, gazeti moja husomwa na watu wengi. Mmoja hulinunua, wa pili huliazima, na wa tatu husikiliza likisomwa kwa sauti huku akinywa kahawa. Ikifika adhuhuri habari zake zimekwisha kuzoeleka, na jioni yumkini limekuwa karatasi ya kufungia karanga. Uhai wa gazeti la kila siku ni mfupi kama wa samaki aliyetoka majini. Hata hivyo, nakala ile imepita katika mikono ya watu wengi ambao msomaji hawaoni wala hawajui.

Yafaa kila katibu wa chama aifahamu kazi hiyo, kwa sababu aghalabu haianzi katika ofisi ya mhariri. Habari nyingi za mashamba, za mwani, za uvuvi na za mikopo huanzia katika daftari la chama. Tarakimu ikitoka na kosa humo, hakuna mtambo mjini uwezao kuisahihisha kwa nguvu zake wenyewe.

CHAPA KATIKA UNGUJA

Kazi ya chapa si ngeni katika visiwa hivi. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliweka matbaa iliyoanza kutoa vitabu vya Kiarabu yapata mwaka 1880. Wamisionari wa UMCA nao walikuwa na matbaa yao, na mwaka 1888 skuli yao ya Kiungani ilianza kutoa jarida la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Mwaka 1892 lilianza gazeti la serikali kwa lugha ya Kiingereza. Baadaye yakafuata Samachar, lililotoka kwa Kigujarati na Kiingereza, Al-Falaq la mwaka 1929, na Mwongozi la mwaka 1942. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitoa gazeti lililoitwa Kweupe. Zanzibar Leo, gazeti la Kiswahili la Shirika la Magazeti ya Serikali, lilianza mwaka 2001 na likawa gazeti la kila siku.

Mengi katika magazeti ya zamani yalitoka mara moja kwa wiki, na sababu moja ilikuwa uzito wa kazi yenyewe. Mpangaji herufi alisimama mbele ya kasha lenye vyumba vidogo vidogo, akichukua herufi za risasi moja baada ya moja, akizipanga kinyume kama zionekanavyo katika kioo. Ukurasa ukisha kuchapwa, kila herufi ilirudishwa katika chumba chake ili itumike tena kesho. Mwaka 1886 gazeti la New York Tribune, huko Marekani, lilianza kutumia mashine ya Ottmar Mergenthaler iliyoweza kuyeyusha risasi na kutoa mstari mzima kwa mara moja. Uvumbuzi huo ndio uliorahisisha gazeti nene la kila siku. Leo kompyuta imechukua nafasi ya risasi, lakini saa ya kufunga kurasa ipo vile vile.

ASUBUHI: KUTAFUTA HABARI

Siku ya gazeti huanza kwa kikao. Mhariri hukutana na wasaidizi wake, wakalipitia gazeti lililotoka na kuyataja makosa yake, kisha wakagawana kazi ya siku hiyo. Mbele yao pana shajara ya matukio: mkutano wa Baraza la Wawakilishi huko Chukwani, meli iliyofika bandarini Malindi, bei za vyakula sokoni Mwanakwerekwe, sherehe ya skuli huko Mkokotoni. Ripota mmoja hupewa hili, mwingine hupewa lile, na mpiga picha hutumwa mahali penye jambo la kuonekana. Tukio lisilokuwamo katika shajara ile si rahisi kupata mwandishi, hata likiwa kubwa namna gani kwa wenyewe kijijini.

Chukulieni mfano wa chama cha wakulima wa mwani katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza upande huo, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Chama kimemuuzia mnunuzi mmoja mwani mkavu kilo 1,250. Katibu anataka habari hiyo itoke, ili wanunuzi wengine wajue kwamba chama kina mali iliyo tayari. Analipiga picha daftari la mizani kwa simu na kumpelekea ripota. Katika daftari uzito umeandikwa hivi: 1250.0. Nukta ile imeandikwa kwa kalamu iliyokuwa ikiishiwa wino, na katika picha haionekani. Ripota anasoma kilo 12,500.

MCHANA: MEZA YA MHARIRI

Ripota huandika habari akijibu maswali sita: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, na vipi. Jambo kubwa huwekwa juu, na madogo hufuata chini. Mpango huo una sababu yake. Nafasi ikipungua, mhariri hukata kuanzia mwisho; kwa hiyo jambo la maana likiwekwa katika aya ya mwisho, huweza kutupwa pamoja na salamu na shukrani.

Habari ikisha kuandikwa, humfikia mhariri wa habari. Huyo huuliza: Nani amesema? Upande wa pili umeulizwa? Hesabu zinakubaliana? Kisha humfikia mhariri msanifu, ambaye hurekebisha lugha, hupunguza maneno na kuandika kichwa cha habari. Hao wote hawakuwapo pwani siku mwani ulipopimwa. Walichonacho mbele yao ni maneno ya ripota tu. Kama mnunuzi angalipigiwa simu, kosa lingalionekana pale pale. Kama mnunuzi hakupatikana, na katibu naye amezima simu yake, kosa hupita malango yote.

JIONI: KUPANGA KURASA

Kurasa za gazeti hazipangwi kwa mfuatano wa nambari. Karatasi moja ikikunjwa mara moja hutoa kurasa nne. Kwa hiyo gazeti dogo la kurasa 16 ni karatasi nne zilizoingizwa moja ndani ya nyingine. Ukurasa wa 1 umo katika karatasi moja na ukurasa wa 2, wa 15 na wa 16. Ndiyo maana gazeti halitoki na kurasa 17. Habari moja ikiongezeka, nyingine hupunguzwa au huondolewa.

Matangazo hutengewa nafasi kwanza, kwa kuwa yamelipiwa na siku yake imekwisha kuahidiwa. Makala na kurasa za ndani hufungwa mapema. Ukurasa wa mbele na habari za michezo hungojea hadi usiku, kwani lolote laweza kutokea. Kurasa zikisha kupangwa katika kompyuta, hutolewa nakala za majaribio, nazo husomwa na mtu asiyeziandika. Msomaji huyo hukamata neno lililokosewa, picha iliyopewa maelezo ya mtu mwingine, na tarehe isiyolingana na siku. Lakini 12,500 haina kosa la imla. Macho yake huipita.

Mwisho wa yote mhariri hutoa idhini. Jukumu lake si dogo, kwani magazeti ya Zanzibar huandikishwa kwa Sheria Nambari 5 ya 1988, na lawama ya lililochapwa humfikia yeye kabla ya wengine.

USIKU: MTAMBO WA CHAPA

Ukurasa uliokamilika hugeuzwa kuwa bamba jembamba la alumini. Njia itumikayo katika mitambo mingi ya magazeti hutegemea jambo ambalo kila mpishi analijua: maji na mafuta hayachanganyiki. Sehemu za bamba zenye maandishi hupokea wino, ambao una mafuta. Sehemu tupu hushika maji na kuukataa wino. Bamba hufungwa katika silinda, likapaka wino juu ya silinda nyingine iliyovikwa mpira, na mpira huo ndio uchapao karatasi. Ukurasa wenye picha za rangi huhitaji mabamba manne, moja kwa kila rangi: buluu, nyekundu, manjano na nyeusi. Bamba moja likisogea kidogo tu, uso wa mtu hutoka na midomo miwili.

Katika mitambo mikubwa karatasi huingia kutoka katika mzingo mzito uliozungushwa kama jamvi. Nakala za mwanzo hutupwa, maana wino na maji bado havijalingana. Mpiga chapa huvuta nakala moja, huitazama chini ya taa, hupunguza wino hapa na kuongeza maji pale, hata ukurasa utulie. Hapo mwendo huongezwa. Tangu saa hiyo, kosa lililomo katika bamba huzaliwa upya katika kila nakala.

ALFAJIRI: KUFIKISHA GAZETI

Magazeti hufungwa mafurushi na kuandikwa majina ya vituo. Kabla ya watu wengi kuamka, hutakiwa yawe yamekwisha kushika njia ya kaskazini kuelekea Mkokotoni na Nungwi, njia ya mashariki kuelekea Chwaka, na njia ya kusini kuelekea Makunduchi. Ya Pemba hungojea chombo cha bahari au ndege, na yale ya Dar es Salaam huletwa Unguja kwa boti. Mtambo ukichelewa, gari huondoka, na gazeti lililoachwa na gari huuzwa kwa taabu. Kwa ajili hiyo mhariri hufunga ukurasa kwa saa, hata kama angependa kuulizia jambo moja zaidi.

Basi habari ya mwani imetoka. Redioni vichwa vya magazeti vinasomwa, na picha ya ukurasa inapita katika simu za watu kutoka kijiji hadi kijiji. Wanachama wanapiga hesabu. Ikiwa bei ni shilingi 1,000 kwa kilo, chama kilipokea shilingi 1,250,000. Kwa hesabu ya gazeti, kilipaswa kupokea shilingi 12,500,000. Katika mkutano mama mmoja aliyesimama majini miezi mingi anainuka na kuuliza: zile shilingi 11,250,000 ziko wapi? Katibu hakuiba hata senti moja. Lakini sasa hana budi kujitetea, na waliosoma gazeti ni wengi kuliko waliokuja mkutanoni.

Kesho yake gazeti hutoa sahihisho la mistari michache. Hiyo ni haki ya chama na ni wajibu wa gazeti. Hata hivyo maji yakimwagika hayazoleki yote: aliyesoma kosa Jumatatu huenda asinunue gazeti Jumanne.

WAJIBU WA KATIBU

Kwa kuwa katibu ni mkono wa kwanza katika kazi hii, yampasa kushika mambo yafuatayo:

1. Kila tarakimu iandikwe kwa nambari na kwa maneno, kama ifanyikavyo katika hati ya malipo. Picha ya daftari isitumwe bila maelezo.

2. Tarehe iandikwe kamili pamoja na siku yake. Neno "jana" lina maana moja kwa mwandishi wa barua na maana nyingine kwa msomaji wa gazeti.

3. Mkutano au mnada utangazwe kwa mhariri siku kadhaa kabla, ili uingie katika shajara. Habari ya tukio lililopita ipelekwe mapema mchana.

4. Yatajwe majina ya watu wawili wanaoweza kuulizwa, pamoja na nambari zao za simu, na simu hizo ziwe wazi hadi usiku.

5. Nakala ya kila kilichopelekwa ihifadhiwe katika jalada la chama. Bila nakala hiyo, haijulikani kosa lilizaliwa wapi.

6. Kosa likitoka, katibu aandike siku hiyo hiyo, akitaja tarehe ya gazeti, ukurasa, maneno yaliyokosewa na maneno yaliyo sahihi. Nakala ya barua hiyo ibandikwe katika ubao wa chama, kabla wanachama hawajauliza.

7. Habari ya hasara ipelekwe kwa uaminifu ule ule wa habari ya faida. Chama kinachoonekana gazetini siku za furaha peke yake hakitaaminiwa siku kitakapotaka kujieleza.

Gazeti la kila siku hufanana na chama cha ushirika kwa jambo moja. Katika chama mpimaji humwamini mleta mali, mwandishi humwamini mpimaji, mshika fedha humwamini mwandishi, na mkaguzi huja mwisho, wakati mengi yamekwisha kutendeka. Katika gazeti ripota humwamini katibu, mhariri humwamini ripota, mpiga chapa humwamini mhariri, na mkaguzi wao ni msomaji wa barazani, ambaye huja wakati nakala zote zimekwisha kutoka. Kila mmoja akidhani kwamba mwenzake amekwisha kuhakikisha, hakuna aliyehakikisha.

Simu ya mhariri ikilia saa mbili usiku, katibu asione kuwa anasumbuliwa. Afungue daftari, asogee penye taa, na asome polepole: kilo elfu moja, mia mbili na hamsini. Kisha amwombe mhariri airudie.