Safari Yetu ya Ngome ya Mombasa





Nimetakiwa niseme machache juu ya safari tuliyoifanya mwaka jana, sisi watu wanne, kwenda Mombasa. Ya njiani sitayaeleza. Kutoka hapa hadi Kigoma, Dar es Salaam na Tanga, aliyepata kupanda basi anayajua, na asiyepata asiyaonee haraka.

Makusudio yetu makubwa yalikuwa kuitazama ile ngome ya Wareno kwenye mlango wa bandari. Wengi wenu mmenisikia miaka mingi nikihadithia ya kwamba Wareno walidhulumu pwani, na Waislamu wote wakasimama safu moja wakawatoa. Neno hilo nalisema mbele yenu, na mbele yenu leo nataka kulisahihisha.

Ngome ile ilijengwa kati ya 1593 na 1596, na aliyeichora alikuwa Mtaliana, Giovanni Battista Cairati. Kuta zake zimepanda juu ya mwamba wa matumbawe, hata huwezi kutambua mwamba umekomea wapi na ukuta umeanzia wapi. Ukiitazama kutoka juu, husemwa, imekaa kama mtu aliyelala chali. Waingereza waliigeuza gereza tangu 1895 hata 1958, na kwa hiyo mzee wetu mmoja, fundi cherehani, alisita mlangoni akasema, "Sheikh, tangu lini mtu akatoa fedha yake kuingia jela?" Tukacheka, tukamlipia. Siku hizi ni nyumba ya makumbusho.

Tukapita penye birika la maji, tukashuka katika njia iliyochongwa mwambani kuelekea baharini. Kijana aliyekuwa akituongoza akatueleza khabari za mwaka 1696, majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Oman yalipokuja kuizingira. Mazingira hayo yalidumu tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, karibu miaka mitatu. Waliokuwamo hawakuuawa kwa mizinga kama walivyouawa kwa maradhi na njaa. Katika mwaka wa 1697 Wareno walikufa takriban wote. Basi ni nani aliyeishika ngome? Akatwambia: Bwana Daud, mtu wa ukoo wa wafalme wa Faza, pamoja na jamaa zake, na watu weusi wachache, walio wengi wao wanawake.

Mwanafunzi wangu wa chuoni, tuliyefuatana naye, akaniuliza pale pale, "Maalim, hawa wa Faza si Waislamu?" Nikamwambia ni Waislamu. "Na wa Oman?" Nikasema, nao pia. Akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Nalikuwa nimemfundisha jambo jingine.

Na ajabu yake ni kwamba mwaka 1587 Wareno hao hao waliuvunja mji wa Faza. Walakini Faza ilikuwa na ugomvi wa zamani na jirani yake Pate, na Pate ilikuwa upande wa Oman. Naona hilo likawatosha. Simhukumu Bwana Daud. Mimi sikulala na njaa ndani ya kuta zile. Bali hadithi yangu ya safu moja haikuwa kweli, na mtoto hapaswi kulishwa hadithi kwa sababu tu ni tamu.

Adhuhuri tulisali katika msikiti wa Mandhry, mle mjini mwa kale, ambao ulikwisha kuwapo kabla ya ngome. Mzee fundi akauegemea ukuta wake mweupe, akasema huu umemtulia kuliko ule.

Tuliporejea, siku ya kwanza ya chuo niliwakusanya watoto, nikawasimulia upya. Kitoto kimoja cha nyuma kikanyosha mkono, kikauliza kutoka Faza hata Pate ni safari ya siku ngapi. Nikakijibu: miji hiyo miwili iko katika kisiwa kimoja.